Mama Brayo wa Nakuru anauliza: vipindi vya anga vya zamani vilikuwa vizuri kweli, au tulikuwa watoto tu?

SWALI

Mwalimu, natumai u mzima. Mimi nimelelewa Nakuru, kwenye nyumba za reli, miaka ya 1980. Tulikuwa tukitazama Knight Rider, yule jamaa wa dola milioni sita, na kanda za Star Trek ambazo kaka yangu alikuwa akikodi mjini. Majuzi nimeanza kuvitazama upya kwenye intaneti pamoja na watoto. Kijana wangu wa miaka 14 alicheka hadi akateleza kwenye kochi: "Mathe, hiyo ukuta ni kadibodi!" Nikaangalia vizuri, kweli ni kadibodi. Lakini sikuweza kuzima. Nijibu basi: vilikuwa vizuri, au ni utoto wangu ninaoulilia? Ni kweli vilituletea simu za mkono na mambo ya NASA, au ni porojo za mashabiki? Nimwonyeshe nini huyu kijana asicheke? Halafu kuna jambo linanisumbua: nakumbuka yule dada Uhura akizungumza Kiswahili. Niliota?

— Mama Brayo, Nakuru

JIBU

Mama Brayo, hukuota. Naanzia hapo kwa sababu hapa Kisumu ninakofundisha historia ya filamu na televisheni nimeulizwa hilo na watu wazima kadhaa, na wote huuliza kwa sauti ya chini wakiogopa kuchekwa.

Star Trek ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Marekani, kupitia NBC, tarehe 8 Septemba 1966, na sehemu iliyofungua pazia iliitwa The Man Trap. Humo mna kiumbe kinachoishi kwa kufyonza chumvi mwilini mwa binadamu, tena kinaweza kujigeuza sura kikawa mtu yule unayetamani kumwona. Kinamvizia Luteni Uhura kwenye ujia wa chombo chao kikiwa kimejigeuza kijana mweusi mtanashati, na kinamsemesha Kiswahili. Uhura anashangaa kumkuta mtu wa lugha yake huko angani. Lafudhi ni ya Hollywood, lakini ni Kiswahili. Mwaka uliofuata, katika The Changeling, mtambo mmoja unamfuta Uhura kumbukumbu zake, akaanza kufundishwa upya kusoma Kiingereza, na anapokwama anatumbukia kwenye Kiswahili. Bila shaka mojawapo ya hizo mbili ndiyo uliyoiona kwenye kanda ya kaka yako.

Jina lake nalo lina asili huku kwetu. Nichelle Nichols, aliyemwigiza, alisimulia mara nyingi kwamba siku ya majaribio ya uigizaji alikuwa amebeba riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, iliyotoka 1962, inayohusu Kenya iliyokuwa ikikaribia kujitawala. Gene Roddenberry, mwanzilishi wa mfululizo huo, akalipenda neno, likageuzwa kidogo mwishoni likawa jina la mwanamke. Riwaya yenyewe mimi siipendi, maana inamtazama Mwafrika kutoka kwenye veranda ya mzungu. Ila jina lilitoka humo salama. Msimu wa kwanza ulipokwisha Nichols alitaka kuacha kazi arudi kuimba na kuigiza jukwaani. Aliyemgeuza nia ni Martin Luther King, waliyekutana kwenye hafla. King alikuwa mtazamaji, na alimweleza kwamba mwanamke mweusi aliyekaa pale kama ofisa, wala si mpishi wala yaya, hakuwa na wa kumrithi kwenye televisheni ya wakati ule. Nichols akabaki.

Sasa tuje kwenye kadibodi.

Kijana wako hajakosea. Mbao nyembamba, kadibodi, rangi ya kupuliza na taa za kuficha kasoro: hivyo ndivyo chombo kile kilivyojengwa. Ile milango iliyokuwa ikijifungua yenyewe kwa "fyuuu" ilivutwa kwa mkono na vibarua waliojificha nyuma ya ukuta, na kuna mikanda ya makosa ya studio inayowaonyesha waigizaji wakijigonga kwa sababu aliye nyuma amechelewa kuvuta. Hata ule mtambo wa kumyeyusha mtu hapa na kumtokeza kwenye sayari kule chini ulibuniwa kwa sababu ya ukata. Roddenberry hakuwa na pesa za kuonyesha chombo kikubwa kikitua kila wiki. Basi wakaamua hakuna kutua. Mtu asimame kwenye duara, ameremete, apotee. Leo ndicho kitu ambacho hata asiyewahi kutazama Star Trek anakijua.

Kuna hadithi ya vichupa vya chumvi ambayo huwa nawasimulia wanafunzi wangu kila mwaka. Kwa ajili ya ile The Man Trap walihitaji kichupa cha chumvi cha mezani, maana kiumbe kinavutwa na chumvi. Mtu wa vifaa akaenda kununua vya maumbo ya ajabu ajabu ili vionekane ni vya karne zijazo. Aliporudi wakang'amua tatizo: vilikuwa vya ajabu mno hivi kwamba mtazamaji asingejua mle mna chumvi. Kwenye kamera wakatumia cha kawaida. Vile vya ajabu havikutupwa. Vikawa vifaa vya upasuaji vya Daktari McCoy. Kwa misimu mitatu daktari yule alipitisha vichupa vya chumvi juu ya vidonda vya watu, na hakuna aliyeuliza.

Huo ndio ufunguo wa jibu langu, Mama Brayo. Mafundi wale hawakuwa na uwezo wa kukuonyesha kila kitu, kwa hiyo walikupa nusu na kukuachia nusu uimalizie mwenyewe. Mtengenezaji wa leo ana kompyuta inayomwonyesha kila unyoya wa joka. Mtazamaji wake hana kazi ya kufanya. Wewe ulikuwa na kazi, na ulipokuwa na miaka kumi ulikuwa na nguvu nyingi za kuifanya.

Mchukue Steve Austin, huyo jamaa wa dola milioni sita aliyeigizwa na Lee Majors kati ya 1973 na 1978. Mkono mmoja na miguu miwili ya mitambo, na jicho moja la kuona mbali. Anatakiwa akimbie kuliko gari. Njia rahisi ilikuwa kuharakisha filamu, lakini filamu ikiharakishwa mtu anayekimbia huonekana kikaragosi, na watu wanacheka. Wakafanya kinyume: wakapunguza mwendo, wakaongeza ule mlio wa "ti-ti-ti-ti-ti". Mtu anayekimbia polepole akawa ndiye mwenye kasi kuliko wote. Ukifikiria, ni kichaa. Lakini sidhani kuna uwanja wa shule ya msingi kuanzia Nakuru hadi Busia ambao haukuwa na watoto wanaokimbia kwa mwendo wa kobe, mashavu yamejaa hewa, wakitoa mlio huo kwa mdomo, kisha wakibishana nani amemshinda nani. Mbinu ya kamera iliyobuniwa kuepusha kicheko ikawa mchezo ambao mtoto angeucheza bila kununua chochote.

Sauti nayo ni hivyo hivyo. Doctor Who ya BBC, mfululizo wa Daktari anayesafiri kwenye sayari na nyakati mbalimbali, ilianza tarehe 23 Novemba 1963, siku moja baada ya Rais Kennedy kuuawa, ikabidi sehemu ya kwanza irudiwe wiki iliyofuata kwa kuwa watu akili zao zilikuwa kwingine. Muziki wake uliandikwa na Ron Grainer, lakini aliyeufanya usikike vile ni Delia Derbyshire, kwenye karakana ya sauti ya BBC. Hakukuwa na kinanda cha umeme cha kumsaidia. Alirekodi uzi mmoja ukidonolewa, pamoja na milio ya vifaa vya kupimia umeme, akaipandisha na kuishusha kwa kubadili kasi ya kanda, halafu akakata vipande kwa wembe na kuviunganisha noti moja baada ya nyingine. Ule mlio wa chombo cha Daktari kikiondoka, mwenzake Brian Hodgson aliupata kwa kukwaruza nyuzi za piano kuukuu kwa ufunguo wa nyumba ya mama yake. Derbyshire hakuandikwa jina kwenye skrini hadi kipindi cha kuadhimisha miaka 50, mwaka 2013, naye alikuwa ameshafariki tangu 2001. Hilo hunikera kila ninapolifikiria.

Upande huo ni wa waliotengeneza. Upande wetu sisi tuliotazama ulikuwa na ukata wake, na nadhani ndio unaokuliza zaidi.

Hadi KTN ilipoanza 1990, Kenya ilikuwa na stesheni moja tu ya televisheni. Kipindi kikipita kimepita. Huku vijijini magharibi mwa nchi, nyumba yenye televisheni ilikuwa ya mwalimu mkuu au ya mtu aliyefanya kazi Nairobi, na hapakuwa na stima. Runinga ilikuwa ndogo, ya rangi nyeusi na nyeupe. Katika miaka ya 1990 nyingi zilikuwa zile za Great Wall. Ilikula betri ya gari, na betri ilibebwa kwa baiskeli hadi sokoni ikachajiwe. Watoto tulikaa sakafuni, wakubwa kwenye viti vyenye vitambaa vya kushona. Mmoja alikuwa nje kwenye mlingoti wa antena akiuzungusha huku ndani wanapiga kelele: "Hapo! Hapo hapo! Umepita, rudisha!" Na kama betri ilianza kuchoka, picha ilijikunja kutoka kingoni, inaacha weusi kulia na kushoto, inaendelea kupungua, hadi Michael Knight, shujaa wa Knight Rider, na gari lake wanabaki katikati ya kioo wakiwa wadogo kuliko kiganja. Watu walisogea mbele. Wakati mwingine ilizima kabisa dakika chache kabla ya mwisho, na mwisho huo ukatungwa na aliyekuwa na ulimi mwepesi kuliko wengine.

Usikose uzito wa jambo hilo. Sehemu kubwa ya watoto waliojua Knight Rider hawakuwa wameitazama. Walikuwa wamesimuliwa Jumatatu asubuhi, na aliyesimulia aliongeza chumvi: gari liliruka nyumba tatu, staring alipigwa risasi akazitema. Kwa hiyo kile unachokikumbuka ni kipindi pamoja na msimulizi wake. Sasa umefungua intaneti ukapata kipindi peke yake, msimulizi hayumo, na unahisi kuna kitu kimepungua. Kimepungua kweli.

Hata rangi. Unaikumbuka ile taa ya KITT, gari linalozungumza la Knight Rider, inayokimbia huku na huku puani mwake? Nyekundu, sivyo? Kwenye runinga ya nyeusi na nyeupe ilikuwa nyeupe. Ukinitajia wekundu wake nitakuuliza kwanza nyumbani kwenu mlikuwa na televisheni ya namna gani, maana wengi wetu wekundu huo tuliuongeza baadaye kutoka kwenye mabango, stika na picha za magazeti, ukaingia kwenye kumbukumbu ukajifanya mwenyeji.

Na tusijilaumu kwa kukumbuka vibaya, maana hata wenye mali walisahau. BBC ilifuta kanda zake nyingi za miaka ya 1960. Kanda za video zilikuwa ghali na zilirekodiwa juu yake tena. Mikataba ya waigizaji ilibana marudio. Na nani angewaza kwamba kuna siku watu watataka kutazama kitu cha mwaka juzi? Zaidi ya sehemu 90 za Doctor Who zilipotea hivyo. Lakini kabla ya kufuta, nakala za filamu zilikuwa zimeuzwa nchi za nje, zikipita kutoka stesheni ya nchi moja hadi ya nchi nyingine. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba Philip Morris, mtafutaji wa filamu zilizopotea, amekuta rundo la makopo kwenye kituo cha televisheni mjini Jos, Nigeria, ndani yake mkiwa na sehemu 9 zilizodhaniwa hazipo tena duniani. Waingereza wakatazama upya utoto wao kwa hisani ya stoo ya Jos. Wanafunzi wangu huipenda sana habari hiyo, nami pia.

Kwa hiyo vilikuwa vizuri au havikuwa? Inategemea kipi, na sitakuficha.

Knight Rider ni kitu chepesi. Ilidumu misimu minne, 1982 hadi 1986, na ukitazama sehemu tano umeziona zote: binti ana shida, tajiri mbaya ana ghala, gari linapaa juu ya kitu. Kilichoishikilia ni sauti ya gari, yaani William Daniels, mwigizaji mzito aliyeomba jina lake lisiandikwe. Ile taa nayo ilikuwa ya mtumba. Glen Larson, mwanzilishi wake, alikuwa ameshaitumia 1978 kwenye macho ya maroboti ya Battlestar Galactica. Space: 1999 ni ngumu zaidi kuihukumu. Hadithi yake inadai kwamba tarehe 13 Septemba 1999 takataka za nyuklia zitalipuka na kuusukuma Mwezi utoke kwenye njia yake, uende kuzurura angani na watu wake. Kisayansi ni upuuzi mtupu. Mlipuko wa namna hiyo ungeupasua Mwezi kabla ya kuuhamisha. Lakini kwa macho, vyombo vile na vyumba vile vyeupe bado vinapendeza kuliko vingi vya leo.

Vilivyosimama imara ni vile vilivyokuwa na jambo la kusema na havikuruhusiwa kulisema waziwazi. Rod Serling alikuwa mwandishi wa tamthilia za televisheni Marekani. Alijaribu kuandika juu ya mauaji ya Emmett Till, kijana mweusi wa miaka 14 aliyeuawa Mississippi mwaka 1955, na wadhamini wakaichokora hadithi hadi haikubaki na mweusi wala Kusini. Serling akajifunza. Mwaka 1959 akaanzisha The Twilight Zone, na hadi 1964 alikuwa ametoa sehemu 156. Aliona kwamba ukimweka mtu wa sayari nyingine mdomoni maneno ambayo seneta hathubutu kuyasema, wadhamini wanatulia. Wanadhani ni hadithi za watoto. Sisi tuliolelewa na methali na hadithi za Sungura na Fisi hatuhitaji kufundishwa hila hiyo.

Kuhusu porojo za mashabiki: zipo, na hiyo ya simu ni mojawapo. Utasoma kila mahali kwamba simu ya mkono ilitoka kwenye kile kifaa cha kufunua cha Kapteni Kirk, mkuu wa chombo cha Star Trek. Martin Cooper wa Motorola, aliyepiga simu ya kwanza ya mkono barabarani New York mwezi Aprili 1973, aliwahi kuhusishwa na dai hilo, lakini baadaye alieleza kwamba kilichomkaa akilini ni redio ya mkononi ya Dick Tracy, katuni ya magazetini ya zamani zaidi. Kilichochukuliwa kwa Star Trek ni umbo la kufunua na kufunga, na raha ya kukata simu kwa mkono mmoja.

Ya NASA ni kweli, tena ina vituko. Mwaka 1976 mashabiki waliandika barua nyingi mno wakidai chombo cha kwanza cha aina ya shuttle kiitwe Enterprise, jina la chombo cha Star Trek, badala ya Constitution. Wakasikilizwa. Siku kilipotolewa hadharani mwezi Septemba, waigizaji wa Star Trek walikuwa wamepanga mstari mbele yake. Kasoro ilikuwa moja: Enterprise ilikuwa ya majaribio ya kutua tu, na haikufika angani hata siku moja. Jambo zito lilikuja 1977. NASA ilimpa Nichelle Nichols kazi ya kutafuta wanawake na watu weusi wa kuomba nafasi za uanaanga, maana hawakuwa wakiomba. Kundi lililochaguliwa 1978 lilikuwa na Sally Ride, Guion Bluford, Judith Resnik na Ronald McNair. Mae Jemison, mwanamke wa kwanza mweusi kwenda angani, mwaka 1992, amesema wazi kwamba Uhura ndiye aliyempa picha hiyo akiwa mtoto. Naye huyo anajua Kiswahili. Baada ya kurudi alialikwa kuigiza kidogo kwenye Star Trek ya kizazi kilichofuata.

Lakini wewe uko Nakuru, na kuna kipande cha hadithi kisichopita kwenye runinga. Wakati Uhura anazungumza Kiswahili kwenye studio California, Waitaliano walikuwa wakijenga majukwaa ya kurushia roketi baharini karibu na Malindi. Kutoka hapo, tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wetu, Marekani ilirusha setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza nyota kwa miale ya eksirei. Ikaitwa Uhuru, kwa heshima ya siku yenyewe. Data zake ndizo zilizowafanya wanasayansi waanze kuamini kwamba kitu kinachoitwa Cygnus X-1 ni shimo jeusi, na Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi hiyo akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Mwaka huo huo wa 1970 kituo cha mawasiliano ya setilaiti kilianza kazi Longonot, katika eneo ambalo leo ni kaunti yako. Mtoto wa nyumba za reli aliyekuwa akishangaa Kapteni Kirk anavyozungumza na sayari ya mbali alikuwa akiishi mwendo mfupi kwa gari kutoka kwenye sahani kubwa zilizokuwa zikifanya kazi ya namna hiyo kila siku. Sidhani kuna aliyemwambia. Mpeleke kijana wako akazione kutoka barabarani.

Uzao wa vipindi hivyo hapa nyumbani upo pia, ingawa hauonekani sana. Wanuri Kahiu alitoa Pumzi mwaka 2009, filamu ya dakika kama ishirini hivi, juu ya watu wanaoishi ndani ya jengo lililofungwa baada ya vita vya maji, wakikamua hadi jasho lao walinywe. Mwezi Februari 2018 Black Panther ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza hapa Kisumu kwa ajili ya Lupita Nyong'o, niliona wazee waliovaa kitenge wakijadili kwa dhati vibranium, yale madini ya kubuni ya filamu hiyo, inachimbwaje. Nilifurahi, ingawa bado nasubiri mfululizo wa televisheni wa namna hiyo utakaoanzia kwenye gati ya Dunga au karakana ya Kariobangi, uandikwe na mtu aliyewahi kuzungusha antena.

Sasa, cha kumwonyesha kijana.

Anza na The Monsters Are Due on Maple Street, ya The Twilight Zone, ya Machi 1960. Ni dakika 25 tu, hana muda wa kuchoka. Mtaa wa watu wa kawaida, jioni ya kawaida, stima inapotea. Simu hazifanyi kazi, magari hayawaki. Halafu gari la jirani mmoja linawaka lenyewe, na mtu anauliza kwa nini lake tu. Mwingine anakumbuka kwamba jirani yule huwa anasimama nje usiku akitazama nyota. Kufikia mwisho watu waliokuwa wakiazimana mashine ya kukatia nyasi wanarushiana mawe na kupigana risasi. Huwa nawaonyesha wanafunzi wangu na sisemi neno kabla. Hapa Kisumu, na huko kwenu Nakuru, kuna mitaa ambayo mapema 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, ilijua hasa orodha ile ya washukiwa inavyoanza, kuanzia lile swali dogo la huyu alitoka wapi. Kijana wako alikuwa hajazaliwa. Huenda akakuuliza mambo baada ya hapo. Uwe na nafasi ya kumjibu, usiiweke usiku wa shule.

Ya pili iwe The Devil in the Dark ya Star Trek, ya Machi 1967. Wachimba madini wanauawa chini ya ardhi na kiumbe kinachoyeyusha mawe. Nakuonya: kiumbe chenyewe ni mtu, Janos Prohaska, aliyejifunika kitu kinachofanana na zulia lililomwagiwa uji, na kijana atacheka hadi alale sakafuni. Mwache. Baadaye inajulikana kwamba yale mawe ya duara ambayo wachimbaji wamekuwa wakiyavunja kwa maelfu ni mayai, na lile zulia ni mama. Mimi nimeona darasa zima la vijana wa miaka 20 likinyamaza ghafla hapo. Mama wa nyumba yoyote atanielewa.

Pumzi iwekeni katikati, mpumzike na lafudhi za Kimarekani.

Halafu V, ya Kenneth Johnson, ya Mei 1983. Wageni wa sayari nyingine wanafika na vyombo vikubwa juu ya miji, wana sura zetu, ni wapole, wanaomba msaada kidogo na wanaahidi dawa na teknolojia. Polepole wanasayansi wanaanza kulaumiwa kwa kila ovu, vijana wanavalishwa sare, majirani wanachongeana. Johnson aliianza kama hadithi ya udikteta wa kawaida kabisa, akichokozwa na riwaya ya Sinclair Lewis ya 1935. Mijusi waliojificha chini ya ngozi ya binadamu waliingia baadaye, televisheni ilipotaka kitu cha kuuza. Wengi waliotazama wanakumbuka Diana, mmoja wa wakuu wa wageni hao, akimeza simbilisi (guinea pig) mzima na hawakumbuki sare. Tazama hiyo sare. Ina sehemu mbili ndefu, zigaweni siku mbili. Mwendelezo wa 1984 unaoitwa The Final Battle unatazamika. Mfululizo wa kila wiki uliofuata, wa 1984 na 1985, uacheni kabisa, na kama kijana atakutajia ile V mpya ya 2009 kwa kuwa picha zake ni safi, mwambie ataitazama kwa bando lake mwenyewe.